Sukari Katika Hospitali na Katika Maji

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu, katika bwalo la shule)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya sayansi na maendeleo. Mada hiyo ni pana mno, na msemaji akipewa uwanja mpana kiasi hicho huishia kuzunguka bila kufika popote. Kwa hiyo niliomba ruhusa niipunguze, nami nikaruhusiwa. Nitazungumza juu ya kitu kimoja tu, ambacho wengi wetu tumekionja leo asubuhi katika chai, nacho ni sukari. Nitaeleza jinsi molekuli za sukari na jamaa zake zinavyotumika kuona maradhi ndani ya mwili wa mtu, na jinsi zinavyotumika kusafisha maji. Kisha nitaeleza mipaka ya kazi hizo mbili, kwa sababu nimeona watu wakiumia kwa kutoijua mipaka hiyo.

Mimi si daktari. Nilisomea kemia Chuo Kikuu, na kazi yangu serikalini ni ya maji. Mambo ya hospitali nitakayoyasema ni yale ambayo mwanakemia yeyote anaweza kuyaeleza. Ya maji ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Sukari ni nini?

Vijana wa kidato cha tatu na cha nne watanisaidia hapa. Sukari iliyo rahisi kueleweka ni glukosi. Molekuli yake moja ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Mara nyingi hujikunja ikawa kama pete, na kuizunguka pete hiyo kuna vikundi 5 vya oksijeni na haidrojeni vilivyochomoza nje kama mikono. Sukari ya chai ni glukosi moja iliyoshikana na ndugu yake aitwaye fruktosi.

Sasa ukizifunga pete nyingi za glukosi katika mnyororo mrefu, unapata wanga, yaani ugali na muhogo. Ukizifunga pete hizohizo kwa namna nyingine kidogo, unapata selulosi, yaani pamba ya shati nililovaa. Ndiyo maana mtu hushiba ugali lakini hawezi kushiba shati, ingawa matofali ya nyumba zote mbili ni yaleyale. Na mkono mmoja wa kila pete ukibadilishwa ukawekwa kikundi chenye nitrojeni, unapata kaitini, ambayo ndiyo inayofanya gumu gamba la kamba wa baharini, la kaa na la mbawakawa.

Kutokana na umbo hilo sukari ina sifa tatu. Kwanza, mwili unaifahamu na kuipokea, kwa kuwa ndiyo chakula chake. Pili, maji yanaipenda, kwa sababu ile mikono hushikana na maji, nayo sukari ikayeyuka. Tatu, mikono hiyo humpa mwanakemia mahali pengi pa kuning'iniza kitu kingine. Yote nitakayoyasema yanatoka katika sifa hizi tatu.

Sukari inayoonyesha maradhi

Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba vipande vya uvimbe wa saratani hutumia glukosi nyingi kuliko nyama ya kawaida ya mwili, na huitumia kwa pupa na kwa hasara. Jambo hilo lilikaa vitabuni kwa muda mrefu bila kuwa na faida kubwa kwa mgonjwa. Kujua kwamba uvimbe hula sana ni kitu kimoja. Kuuona ukila ndani ya mtu aliye hai ni kitu kingine.

Njia ilipatikana mwaka 1976. Katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, Tatsuo Ido na wenzake walichukua glukosi, wakauondoa mkono mmoja ulio kwenye kaboni ya pili, na mahali pake wakaweka atomi ya florini-18 inayotoa mionzi. Dawa hiyo huitwa kwa kifupi FDG. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo ilisafirishwa hadi Philadelphia, na katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania Abass Alavi na wenzake wakawadunga watu wa kwanza waliojitolea.

Inafanyaje kazi? Seli huipokea FDG kwa kudhani ni glukosi ya kawaida. Kimeng'enya cha kwanza nacho hudanganyika, kikaitia fosfati kama kinavyoitia glukosi. Lakini hatua inayofuata huuhitaji ule mkono ulioondolewa, nao haupo. Basi molekuli haiwezi kwenda mbele, na kwa kuwa imekwisha kutiwa fosfati haiwezi kutoka. Imenaswa. Seli inayokula sana hunasa nyingi, na seli inayokula kidogo hunasa chache.

Florini-18 inapooza hutoa chembe iitwayo pozitroni. Pozitroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na miale miwili hutoka ikielekea pande mbili zilizo kinyume. Mgonjwa hulala ndani ya mashine ya PET yenye duara la vipokezi. Vipokezi viwili vilivyotazamana vikipigwa kwa wakati mmoja, mashine hujua kwamba miale ilitoka mahali fulani katika mstari unaoviunganisha. Mistari mamilioni ikikusanywa, picha hutokea, na pale palipo na walaji wakubwa wa sukari hung'aa.

Kwa sababu hiyo mgonjwa huambiwa asile kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kupimwa, na akishadungwa hutakiwa akae kimya kwa muda wa saa moja hivi. Damu ikijaa glukosi ya chakula, itashindana na ile iliyotiwa alama. Naye akitembeatembea, misuli ya miguu itainyakua.

Jambo la kuangaliwa sana ni muda. Nguvu ya florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Baada ya saa 3 na dakika 40 imebaki robo tu. Haiwezekani, basi, kuiagiza dawa hii Ulaya na kuiweka ghalani kama tunavyoweka vidonge. Lazima itengenezwe karibu, katika mtambo uitwao saiklotroni, ambamo maji yenye oksijeni nzito hupigwa kwa protoni mpaka oksijeni hiyo ikageuka kuwa florini. Hapa Afrika Mashariki saiklotroni zipo Nairobi. Mitambo kama hiyo haiendeshwi na daktari peke yake. Inahitaji mwanafizikia, mwanakemia, fundi wa umeme na dereva mwaminifu anayejua kwamba kila dakika anayopoteza njiani inapunguza dawa.

Sukari ina kazi nyingine hospitalini ambayo watu wengi hawaifahamu. Katika picha za eksirei na za MRI, mara nyingi mgonjwa hudungwa dawa ya kufanya mishipa na viungo vionekane wazi. Dawa hizo ni za iodini au za madini ya gadolinia. Baadhi yake hufungamanishwa na meglumini, kitu kinachotengenezwa kwa glukosi, ili ziyeyuke vizuri katika maji. Hapo sukari haionyeshi kitu yenyewe. Kazi yake ni kumbeba mwenzake.

Picha isomwe inavyostahili

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika mahali ambapo nitaomba masikio ya wote.

Watu husikia kwamba saratani hung'aa kwa sababu inakula sukari, wakaamua kwamba dawa ya saratani ni kumnyima mgonjwa sukari. Nimewaona watu, tena wasomi, wakimkataza mgonjwa chai yenye sukari, kisha uji, kisha ndizi, kisha wali, ati wanaunyima uvimbe chakula. Mgonjwa mmoja wa ukoo wetu alikonda hivyo chini ya uangalizi wa watu waliompenda, mpaka alipofika kwa matibabu yaliyofuata akaambiwa hana nguvu ya kuyapokea, arudi nyumbani kwanza akale.

Kemia haiungi mkono jambo hilo. Damu yote ya mtu mzima ina glukosi ya gramu 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai, na mwili huilinda hesabu hiyo kwa nguvu zake zote, kwa kuwa ubongo peke yake hutumia gramu 120 hivi kwa siku. Mtu asipokula, ini hutengeneza glukosi, na baadhi ya malighafi yake ni misuli yake mwenyewe. Uvimbe utaendelea kupata chakula. Atakayepungua ni mgonjwa. Sisemi kwamba sukari nyingi ni nzuri. Unene unaotokana na kula kupita kiasi huongeza hatari ya aina kadhaa za saratani, na mwenye kisukari afuate maagizo ya daktari wake. Lakini kujikinga na ugonjwa ni jambo moja, na kumshindisha njaa mgonjwa ni jambo jingine.

Tena si kila kinachong'aa ni saratani. Ubongo wa mtu mzima wa afya hung'aa daima. Kibofu hung'aa, kwa kuwa figo hutoa FDG katika mkojo. Na kifua kikuu hung'aa, kwa sababu seli zinazopigana na vijidudu nazo hula sana. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu bado kipo, daktari anayesoma picha hizo hana budi kulikumbuka hilo, na mara nyingi kipande cha nyama lazima kikatwe kikaangaliwe kwa hadubini. Kwa upande mwingine zipo saratani za polepole, kama nyingi za tezi dume, ambazo huenda zisinge'ae sana. Picha ni ushahidi. Hukumu hutolewa na daktari baada ya kuupima pamoja na ushahidi mwingine.

Sukari inayosafisha maji

Sasa nije nyumbani kwangu, kwenye maji.

Mto wakati wa masika huwa mwekundu kwa udongo. Chembe za udongo huo ni ndogo sana, na kila moja ina chaji hasi. Kwa kuwa zote zina chaji moja, husukumana, wala hazitui hata ukiyaacha maji mtungini siku nzima. Dawa ya kale ni shabu. Aluminiamu iliyomo huzima chaji hizo, chembe zikashikana zikawa mabonge, na mabonge yakatua chini. Wazee wetu katika sehemu nyingi hutumia mbegu za mlonge, nazo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila katika mlonge mtenda kazi ni protini, si sukari.

Jamaa wa sukari anayeifanya kazi hii vizuri ni kaitosani. Hupatikana kwa kulichukua gamba la kamba au kaa, kuliondolea chokaa kwa asidi, kuliondolea protini kwa magadi makali, kisha kulichemsha katika magadi makali zaidi. Kinachobaki ni mnyororo mrefu wa sukari yenye nitrojeni. Ukiuyeyusha katika asidi hafifu kama siki, kila pete hupata chaji chanya. Mnyororo huo ukitiwa katika maji ya tope hufanya kazi mbili kwa pamoja: huzima chaji za udongo, na huzifunga chembe nyingi pamoja kama mtu afungaye kuni kwa ugwe. Vilevile hunasa madini mazito kama shaba na risasi. Mabaki yake huoza, tofauti na tope la shabu.

Kuna jamaa wa pili, saiklodekstrini. Aligunduliwa mwaka 1891 na Mfaransa Villiers. Hutengenezwa kwa wanga kwa msaada wa vimeng'enya vya bakteria, na ni pete kubwa yenye glukosi 6, 7 au 8 zilizoshikana mikono kama watoto wachezao duara. Upande wake wa nje hupenda maji, lakini tundu la katikati hupenda vitu vyenye asili ya mafuta. Dawa nyingi za kuua wadudu na kemikali nyingi za viwandani ni za aina hiyo, basi huingia tunduni zikakaa. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha kazi ya William Dichtel na wenzake wa Marekani. Waliziunganisha pete za glukosi 7 zikawa kitu kigumu chenye vinyweleo kisichoyeyuka, na kikazinasa kemikali za namna hiyo kwa haraka kuliko mkaa maalumu wa kuchujia. Tena kiliweza kuoshwa kwa alkoholi kikatumika upya.

Lakini si kila uchafu huingia katika tundu hilo. Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro wana tatizo la floridi, inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Floridi ni ndogo, ina chaji na hupenda maji. Itapita kando ya tundu la saiklodekstrini bila kupiga hodi. Kabla ya kununua dawa ya maji, lazima kwanza ujue maji yako yana nini.

Maji meupe si lazima yawe salama

Kosa la pichani lina ndugu yake katika maji. Wapo wauzaji wanaopita vijijini na unga wa kusafisha maji. Huchukua bilauri ya maji ya mto, hutia unga, hukoroga, na baada ya dakika chache tope linatua. Kisha muuzaji hunywa mbele ya watu, watu hupiga makofi, na viongozi wa kijiji huja ofisini kwetu kuuliza kwa nini Serikali inawasumbua kwa klorini.

Siku moja niliwajibu kwa vitendo. Tuliyachukua maji yaliyosafishwa namna hiyo, meupe kabisa, tukayapima kwa vijidudu vya kinyesi. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kimoja cha aina hiyo katika mililita 100. Kesho yake tukawaonyesha madoa katika sahani, moja moja, wakayahesabu wenyewe mpaka wakachoka. Hakuna aliyepiga makofi.

Kaitosani hupunguza vijidudu, kwa kuwa baadhi yao hutua pamoja na tope, lakini haiwamalizi. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi, wala harufu, wala ladha. Kazi ya kaitosani, au ya shabu, ni kuyatayarisha maji kwa klorini, maana klorini hupotea ikipigana na uchafu, na vijidudu hujificha nyuma ya chembe. Shirika la Afya Duniani linashauri tope lishuke chini ya 5 katika kipimo cha NTU, na bora lishuke chini ya 1, ndipo klorini itiwe. Baada ya dakika 30 lazima ibaki klorini ya miligramu 0.5 kwa lita au zaidi. Ni hatua mbili, na ya kwanza haiwezi kusimama mahali pa ya pili.

Na kuzidisha pia ni hatari. Kaitosani ikizidi, chembe zote hupata chaji chanya, husukumana upya, na maji huchafuka tena mbele ya macho yako. Kiasi kinachotakiwa hubadilika mto hadi mto, na msimu hadi msimu. Hupatikana kwa kupanga bilauri 6 za maji yaleyale, kutia kila moja kiasi tofauti, kukoroga sawasawa na kuangalia ipi imetua vizuri.

Tufanye nini?

Kwa vijana nina mawili. La kwanza, msiitenge kemia na biolojia, wala fizikia na hizo mbili. Mmeona jinsi atomi moja ya florini ilivyozihitaji zote tatu. La pili, mkiambiwa jambo la sayansi, ulizeni linafanya kazi gani na kazi hiyo inaishia wapi. Muuzaji hueleza kazi tu. Mtaalamu hueleza na mwisho wake.

Kwa wanafunzi wenzangu wa zamani nina ombi. Nimesikia Kamati inafikiria kutumia michango ya mwaka huu kujenga geti jipya lenye jina la shule. Sina ugomvi na geti, na la zamani kweli limepinda. Lakini nilipotembezwa maabara jana nilikuta mizani moja, nayo ni mbovu, na wanafunzi wanajifunza kupima maji kwa kusoma kitabu. Bilauri, mizani, shabu, siki, kaitosani kidogo, vipimo vya asidi na vya klorini, na sahani za kuoteshea vijidudu havitamaliza fedha za geti. Maji ya mto ulio chini ya shule ni bure. Kijana aliyepanga zile bilauri 6 kwa mikono yake, kisha kesho yake akahesabu madoa katika sahani ya maji aliyodhani ni safi, hatadanganywa na unga wala na picha, na wazazi wake wakimwuliza atajua la kuwajibu.

Naomba Mwenyekiti aliweke ombi hili katika ajenda ya mchana, lijadiliwe na kupigiwa kura.